Latitudo au longitudo: swali lako linajibiwa na ipi?

Mtu wa Unguja akisimama kuswali huelekea kaskazini. Akipanda ndege asubuhi akashukia Maskati kwa shangazi yake, jioni hiyohiyo ataswali akielekea magharibi. Makka haijasogea hata hatua moja. Unguja na Makka zimo karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo safari ya macho kutoka hapa kwenda kule ni ya kupanda tu. Maskati na Makka zimo karibu kwenye latitudo moja, kwa hiyo safari ni ya ubavuni. Kila ninapoombwa kueleza mistari ya kwenye tufe, huanza na kibla hizi mbili.

Shida yetu ilianza darasani. Tulifundishwa majina mawili kwa pumzi moja, kama chumvi na pilipili, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani hatukukumbuka ipi ni ipi. Ushauri wangu ni tofauti kidogo: usianze na mstari, anza na swali. Je, unataka kujua habari za jua, kivuli, msimu na urefu wa mchana? Mwulize latitudo. Unataka kujua habari za saa? Mwulize longitudo. Unataka umbali, au unataka kumwelekeza mtu mahali? Hapo utawahitaji wote wawili, na hapo ndipo watu wanapopotezana.

Pete za kitunguu, vipande vya chungwa

Kata kitunguu kwa ubapa, upate pete. Zile pete ndizo latitudo: hazigusani, zimepangana sambamba, kubwa iko katikati na zinapungua kadiri unavyokaribia ncha. Pete kubwa ya katikati ni Ikweta, nyuzi 0. Kutoka hapo unahesabu hadi nyuzi 90 kaskazini na nyuzi 90 kusini.

Sasa menya chungwa utazame mistari inayotenganisha vipande vyake. Hizo ni longitudo. Zote zina urefu uleule, zote zinakutana juu na chini, na hakuna hata moja iliyo kubwa kuliko mwenzake. Zinahesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza, hadi nyuzi 180 mashariki na nyuzi 180 magharibi.

Ukitaka cha kukusaidia kukumbuka, mimi hutumia hiki: *la*-titudo ime*la*la. Longitudo imesimama.

Lakini kuna mtego hapa, na huwanasa hata watu wazima. Mstari wa latitudo umelala mashariki–magharibi, ila namba yake inakwambia uko kaskazini au kusini kiasi gani. Tazama ngazi ya kupandia mnazi: vipandio vimelala, lakini ukivihesabu unajua umepanda kimo gani. Longitudo ni kinyume chake, mstari umesimama kaskazini–kusini na namba inakwambia uko mashariki au magharibi kiasi gani. Ukishalielewa jambo hili moja, mengine yote ni mteremko.

Hii hapa miji michache nitakayoirudia, nyuzi zikiwa zimekadiriwa kwa desimali moja:

| Mji | Latitudo | Longitudo |
|---|---|---|
| Mombasa | 4.1 Kusini | 39.7 Mashariki |
| Unguja (Mji Mkongwe) | 6.2 Kusini | 39.2 Mashariki |
| Dar es Salaam | 6.8 Kusini | 39.3 Mashariki |
| Kigoma | 4.9 Kusini | 29.6 Mashariki |
| Kinshasa | 4.3 Kusini | 15.3 Mashariki |
| Makka | 21.4 Kaskazini | 39.8 Mashariki |
| Maskati | 23.6 Kaskazini | 58.4 Mashariki |
| Moscow | 55.8 Kaskazini | 37.6 Mashariki |

Pitisha kidole kwenye safu ya longitudo. Mombasa, Unguja, Dar na Makka zimefuatana kama shanga kwenye uzi mmoja. Ndiyo maana katika pwani yetu mtu anaweza kusema "upande wa kibla" akimaanisha kaskazini, na asikosee. Kigoma haimo kwenye uzi huo. Msikiti wa Kigoma unapaswa kuelekea kama nyuzi 20 mashariki ya kaskazini, na fundi kutoka pwani anayejenga kwa mazoea ya kwao atauweka upande usio wake.

Ukiuliza saa

Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Gawanya: nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi 1 kwa dakika 4. Hesabu hiyo ndogo ndiyo uti wa mgongo wa longitudo.

Tuipeleke kwenye mwezi wa Ramadhani. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna nyuzi 9.7 hivi za longitudo, yaani karibu dakika 39 za jua. Saa za ukutani katika miji yote miwili zinasoma sawa kwa kuwa nchi ni moja. Lakini adhana ya magharibi inayosikika redioni kutoka Dar ikimfikia mtu wa Kigoma, jua la kwake bado liko juu ya Ziwa Tanganyika. Akifuturu kwa adhana hiyo amefuturu mchana. Watu wa Kigoma wanalijua hili tangu zamani. Anayekosea ni mgeni.

Kuna kitu kingine kilichojificha humo. Saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti Tanzania wala Kenya wala Uganda. Inapita Somalia. Sote tunaishi magharibi ya saa yetu wenyewe. Kwa wastani wa mwaka, Dar jua hufika juu kabisa saa sita na dakika 23 mchana, si saa sita kamili, na Kigoma hufika saa saba na dakika yake. Wastani, kwa sababu jua lenyewe huwahi na kuchelewa kwa zaidi ya robo saa kulingana na mwezi.

Sasa linganisha Mombasa na Kinshasa. Latitudo ni karibu ileile, hivyo urefu wa mchana ni uleule, na jua hupita utosini siku zilezile. Longitudo ndiyo inayowatenga: nyuzi 24.4, dakika 97 hivi za jua. Saa za ukutani zinasema tofauti ni saa mbili kamili. Dakika 23 zilizozidi hazikuletwa na jua. Serikali hupenda saa nzima nzima na huchora mipaka ya saa zinavyotaka, kwa hiyo longitudo hukupa saa ya jua, na saa ya ofisini utaiuliza serikali.

Ukiuliza jua na msimu

Chukua Moscow na Dar. Longitudo zao zimepishana kwa chini ya nyuzi 2, na saa zao za ukutani ni zilezile. Ukimpigia simu rafiki aliye Moscow saa mbili usiku, na kwake ni saa mbili usiku. Lakini mwulize kama kumeshaingia giza. Mwezi Juni mchana wa Moscow ni mrefu wa zaidi ya saa 17, na Desemba ni kama saa 7. Dar, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote katika mwaka haifiki saa moja. Longitudo haina la kusema hapo. Kila kitu ni latitudo.

Nimewahi kufikiri kwamba saa ya Kiswahili isingeweza kuzaliwa kwingine. Tunahesabu saa kuanzia macheo: jua likishatoka, baada ya saa moja ndiyo saa moja. Hesabu hiyo inatoka sawa mwaka mzima kwa sababu tunaishi karibu na Ikweta na macheo hayahamihami. Mpe mtu wa Oslo, kwenye nyuzi 60 kaskazini, hesabu hiyo: Juni jua lake linatoka usiku wa manane wetu ukiwa haujaisha vizuri, Desemba linatoka watoto wakiwa wameshaketi darasani. Hata ndugu zetu wa Maskati wanahisi tofauti, kwani mchana wao hupishana karibu saa tatu kati ya Juni na Desemba.

Kivuli pia ni cha latitudo. Kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, yaani ndani ya nyuzi 23 na dakika 26 kila upande (dakika hii si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi 1), jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Dar hupita mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo adhuhuri nguzo ya bendera haina kivuli cha kutaja. Maskati imekosa nafasi hiyo kidogo tu. Tropiki ya Kansa inapita kilomita kama 18 kusini ya mji.

Mvua nazo hufuata jua, kwa hiyo hufuata latitudo, ingawa si kwa utiifu. Kaskazini mwa Tanzania na pwani ya Tanga wanapata vuli na masika, misimu miwili. Ukishuka kusini, Mbeya na Songea, misimu hiyo inaungana kuwa mmoja mrefu kati ya Novemba na Aprili hivi. Ila usiitegemee latitudo kwa baridi na joto bila kuuliza kimo. Nairobi iko karibu zaidi na Ikweta kuliko Mombasa, na bado wa Nairobi ndio wanaovaa sweta, kwa sababu wako karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kutoka Ikweta na ina barafu kileleni. Kimo ni namba ya tatu ambayo mistari hii miwili haiibebi.

Moja ya maumbile, nyingine ya mkutano

Ikweta haikuchaguliwa na mtu. Dunia inazunguka, ina ncha mbili, na katikati ya ncha hizo pana mstari mmoja tu unaowezekana. Longitudo haina mahali pa kuanzia palipoandaliwa. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuamua sifuri iwe wapi. Nchi 22 zilikubali Greenwich, 1 ilipinga, na Ufaransa na Brazil hazikupiga kura. Ufaransa iliendelea kushika saa ya Paris hadi 1911. Ingekuwa pwani hii ndiyo yenye merikebu nyingi wakati ule, pengine leo tungehesabu kutoka Kilwa.

Tofauti hiyo ilikuwa na gharama baharini. Latitudo unaisoma angani bila kumwuliza mtu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, Waarabu wakikiita *kamal* (usikichanganye na kamali ya vijiweni). Unashika uzi kwa meno, unakinyoosha kibao mbele hadi ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse Nyota ya Kaskazini. Fundo linakwambia uko usawa wa bandari gani. Ukivuka Ikweta kwenda kusini nyota hiyo inazama, na nahodha analazimika kushika nyota nyingine.

Longitudo hakuna nyota inayokupa kirahisi hivyo, kwa sababu anga yote inageuka. Unahitaji kujua saa ya ulipotoka na saa ya ulipo kwa wakati mmoja, na kwa karne nyingi hapakuwa na saa iliyoweza kuvumilia mawimbi. Mwaka 1707 manowari 4 za Uingereza zilipasuka kwenye miamba ya visiwa vya Scilly zikidhani ziko kwingine, na mabaharia zaidi ya 1,000 wakafa. Mwaka 1714 Bunge la huko likaahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa. Aliyeipata alikuwa seremala, John Harrison. Saa yake ya nne iliondoka kwenda Jamaica mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa kwa takriban sekunde 5. Kwa hesabu ya dakika 4 kwa nyuzi, hilo ni kosa la kilomita mbili na kitu tu.

Urahisi wa latitudo ndio uliofanya wakoloni waipende kwa kuchora mipaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu, waliichukua nyuzi 1 kusini iwe mpaka kwenye Ziwa Viktoria na magharibi yake. Mto Kagera haukuulizwa. Ukabaki na mkunjo wake, na pakatokea kipande cha ardhi kilicho kaskazini ya mto lakini kusini ya mstari. Kipande hicho ndicho majeshi ya Idi Amin yalichokivamia Oktoba 1978, yeye akidai mpaka ni mto.

Ukiuliza umbali

Hapa nina upande. Latitudo ni rula ya kuaminika, longitudo ni rula ya mpira.

Nyuzi 1 ya latitudo ni kilomita 111 hivi popote ulipo. Mombasa na Makka zimo kwenye mstari mmoja uliosimama, kwa hiyo jumlisha 4.1 na 21.4, zidisha kwa 111, unapata kilomita 2,800 na kitu, na umemaliza. Maili ya baharini ilitokana na jambo hilihili: dakika moja ya latitudo, leo mita 1,852. Ndiyo maana baharia hupima umbali kwa kipimo cha ubavuni mwa ramani, kamwe si cha juu.

Nyuzi 1 ya longitudo ni kilomita 111 kwenye Ikweta peke yake. Maskati ni 102, Oslo ni 56, kwenye ncha ni sifuri. Anayezidisha nyuzi 18.6 za kati ya Maskati na Makka kwa 111 anapata kilomita 2,065. Ukweli ni 1,900 na ushei. Nairobi au Kisumu kosa hilo hulioni, na ndiyo maana sisi tunalizoea vibaya.

Ukitaka kumwelekeza mtu

Hapa mistari haigombani tena. Unaichukua yote miwili. Uchaguzi uliobaki ni wa namna ya kuiandika.

Namna ya zamani ni nyuzi, dakika na sekunde: Dar es Salaam ni 6°48′ Kusini, 39°17′ Mashariki. Namna ya simu ni desimali: -6.80, 39.28. Kwa kutumiana kwenye simu, chagua desimali bila kusita. Inakopika vizuri, na inakwambia yenyewe ukubwa wa kosa: desimali mbili ni kama kilomita 1, nne ni kama mita 11, tano ni kama mita 1. Kwa kusoma ramani ya karatasi au kuzungumza na nahodha, baki na dakika, maana ndivyo ramani zao zilivyochorwa.

Usichanganye tu. Nimewahi kutumiwa "6.48" na mtu aliyemaanisha 6°48′. Tofauti ni kilomita 35, na alama yake ilidondokea baharini kati ya Bagamoyo na Unguja. Gari la mchanga halifiki huko.

Alama ya kutoa ina maana ya kusini au magharibi. Ukiisahau, Dar inahamia nyanda za juu za Ethiopia. Mpangilio nao una desturi mbili: ramani za kwenye simu hutanguliza latitudo, lakini baadhi ya mafaili ya wataalamu wa ramani hutanguliza longitudo. Ukigeuza namba za Dar kichwa chini miguu juu, unajikuta Hispania, upande wa magharibi karibu na Ureno. Namba zikikosekana kabisa programu nyingi huandika 0, 0, na hapo ni Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana, kwenye maji matupu.

Kwa kiwanja, usitumie namba za simu kubishana na jirani kuhusu bikoni. Ramani nyingi za upimaji za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya vipimo vya dunia vya zamani, Arc 1960, na simu inatumia vingine. Sehemu ileile inaweza kupishana kwa mamia ya mita kati ya vipimo hivyo viwili. Hiyo kazi mwachie mpima ardhi.

Na kama unataka kuiona mistari hii ikifanya kazi bila simu, subiri tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, au tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Nyakati hizo jua liko utosini mwa Makka. Simika kijiti cha mita moja kwenye uwanja ulionyooka. Mombasa kivuli kitakuwa na sentimita 48 hivi na kitalala kusini. Kigoma kitapinda kidogo kuelekea magharibi. Geukia upande unaopingana na kivuli, popote ulipo, hapo ndipo kibla.